Kompyuta moja, wanafunzi wengi

Wenzangu, tukiambiwa tutatumia kompyuta moja watu kadhaa, tunaona kama tumepewa makombo. Historia inasema siyo.

Mwaka 1940 kijana John Kemeny, Myahudi wa Budapest, alikimbilia Marekani na familia yake. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Dartmouth. Enzi hizo kompyuta ilikuwa ghali mno, mwanafunzi wa kawaida haigusi. Yeye na mwenzake Thomas Kurtz wakaleta njia: mashine moja igawe muda wake, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, haraka mpaka kila mmoja aone ni yake peke yake. Ikaanza kazi Mei 1964, pamoja na lugha rahisi ya BASIC.

Mwaka 2007 Macedonia nayo ikachagua kugawana hivyo shuleni: kompyuta moja, skrini na kibodi kadhaa, kila mtoto na kazi yake. Mashine za kununua zinakuwa chache, umeme unaliwa kidogo.

Ila mashine kuu ikizima, darasa zima limezima. Basi zikiletwa kwetu, tuulize mapema: nani kati yetu atafundishwa kuzitengeneza?