Kanisa, Sinagogi, Msikiti: Jengo la Brick Lane

Kwenye kona ya Brick Lane na Fournier Street, mashariki mwa London, lipo jengo la matofali ambalo leo ni msikiti wa Ijumaa. Juu ukutani, upande wa Fournier Street, kuna saa ya jua yenye mwaka wa ujenzi: 1743.

Waliolijenga ni Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 alipoifuta Amri ya Nantes, iliyokuwa ikiwalinda, mwaka 1685, ibada yao ikapigwa marufuku, na maelfu wakakimbilia Uingereza. Wengi walikuwa wafumaji wa hariri. Walijenga nyumba zenye madirisha mapana vyumba vya juu, maana hariri haifumwi gizani.

Vizazi vilipopita, wajukuu wakawa Waingereza na kanisa likapwaya. Mwaka 1809 kikaingia chama kilichotaka kuwaingiza Wayahudi katika Ukristo, bila mafanikio makubwa. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti.

Kisha Wayahudi wakaja wenyewe, na dini yao. Walikuwa wamekimbia mateso katika himaya ya Urusi, na mwaka 1898 jumuiya ya Machzike Hadath, iliyoshika sheria za dini kwa ukali, ikaligeuza sinagogi. Watoto wao nao walipofanikiwa wakahamia vitongoji vya kaskazini. Mwaka 1976 likafunguliwa kuwa msikiti wa Wabangladeshi, wengi wao watu wa eneo la Sylhet waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya nguo na mikahawa.

Kwa nini hakuna aliyelibomoa akajenga lake? Jibu kubwa limo ndani ya kuta zenyewe. Wahugenoti, wafuasi wa Calvin, hawakutaka sanamu wala picha za watakatifu. Walijenga ukumbi mpana, wenye mwanga, wa kusikilizia neno. Wayahudi hawasali mbele ya sanamu, na Waislamu vilevile. Kila aliyeingia hakukuta cha kuvunja kwa ajili ya imani yake: huyu alileta sanduku la Torati, yule akatandika mazulia.

Badiliko linaloonekana zaidi kwa nje ni la karibuni: mnara wa chuma wa karibu mita 30, uliosimikwa kando ya jengo mwaka 2009. Jengo lenyewe linalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria, na linastahili. London ina makanisa mengi makubwa kuliko hili, lakini machache yamewahifadhi wakimbizi wengi kiasi hiki.