Kadi mbili za gemu moja

Wiki hii zamu ya historia ni yetu, na tumeamua kuandika historia ya gemu. Msicheke kwanza.

Miezi michache iliyopita tulipokea boksi la vitu vilivyotumika: vitabu, mipira isiyo na upepo, na vimashine viwili vya gemu vya mkononi, Nintendo DS. Pamoja navyo kulikuwa na kadi mbili ndogo kama stempu za barua, na zote mbili zilikuwa Animal Crossing: Wild World. Tukasema aliyetoa alijichanganya, kanunua kitu kimoja mara mbili. Tukaweka kadi moja, tukakuta ndani kuna mji wa mtu: nyumba, miti, jina lisilo letu. Tukafuta ili tuanze mji wetu. Ilichukua dakika chache tu. Baadaye ndipo tukaanza kusoma gemu hii ilitoka wapi.

Aliyeibuni ni Katsuya Eguchi wa Japani. Alitoka Chiba akahamia Kyoto kufanya kazi Nintendo, akaacha nyuma familia na marafiki. Huko ugenini akatambua kwamba kuwa karibu na watu wako si kitu kidogo. Tena alikuwa anarudi nyumbani usiku sana, anakuta wenzake wameshacheza. Basi akataka gemu ambayo watu wa nyumba moja wanaishi kijiji kimoja hata kama saa zao hazikutani: mmoja anapanda mti asubuhi, mwingine anaukuta jioni, wanaachiana barua. Ya kwanza ilitoka Japani mwaka 2001 kwa mashine ya Nintendo 64. Hakuna vita ndani yake wala mwisho. Unavua samaki, unalipa deni la nyumba, unaongea na majirani ambao ni wanyama. Saa ya gemu ni saa ya kweli. Usipoingia muda mrefu, magugu yanajaa mjini.

Wild World ilikuja 2005, ikaingia mfukoni. Hapa ndipo jambo la kadi mbili linapoeleweka. Kadi moja inabeba mji mmoja tu. Ukitaka mji wa pili, una njia mbili: kufuta wa kwanza, au kununua kadi nyingine ya gemu ileile. Wengi walinunua. Wengine ni kwa sababu ya ndugu: mtoto hataki kaka yake akate miti yake. Wengine ni biashara. Kila mji unaanza na aina moja ya tunda, na tunda la kwenu dukani ni kengele 100 (kengele ndiyo pesa yao), lakini tunda la ugenini ni 500. Ukiwa na kadi mbili na mashine mbili, unafungua geti la mji na kujipelekea matunda mwenyewe, mfanyabiashara wa mpakani na mteja ni mtu huyohuyo! Ila sababu tunayoielewa zaidi ni ile ya mtu anayetaka kuanza upya na hataki kubomoa alikotoka.

New Leaf ya 2012 iliendelea na desturi hiyo, mji mmoja kwa kadi. New Horizons ya 2020 ilibadilisha: kisiwa ni kimoja kwa mashine nzima, kwa hiyo hata ukinunua kadi kumi hazikusaidii, labda ununue mashine nyingine. Kwetu sisi hiyo ni ghali kupita kiasi.

Kumbe kuna kitu kingine hatukukijua siku ile. Mji wa Wild World unapokea watu hadi wanne. Wanaishi nyumba moja, na juu darini kuna vitanda vinne. Hakukuwa na haja ya kufuta. Tungeweza kuingia tu kama wageni wa nyumba na kupewa kitanda.

Kadi ya pili tumeifungua hivyo. Mwenyewe bado yumo, na magugu yamejaa kila mahali. Tumejiandikisha kama mkaazi wa pili, tunalala kitanda cha pembeni yake, na tumeshang'oa magugu kuanzia mlangoni hadi mtoni. Samani zake hatujauza, ingawa mmoja wetu alishauri, deni la nyumba linatubana kweli. Kule posta ya mji tumemwandikia barua, tukamweleza sisi ni nani na kwamba mji wake mwingine tuliufuta. Iko kwenye sanduku lake.

Wanaotaka kucheza waje Jumamosi mchana, sola ikiwa na moto. Kadi yenye alama nyekundu ni ya huyo mwenyeji, ingieni kama mtu wa tatu au wa nne. Msibonyeze kufuta.