Herufi Juu ya Unga

Binti yangu alinikuta nikisukuma chapati nyumbani Kihunguro, Ruiru. Wakati huo alikuwa akijifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Alitandaza unga mezani, akachora herufi kwa kidole: juu mzee, chini mtoto aliyembeba. "Inasomwa xiao, Mama," akasema. Wajibu wa mtoto kwa wazazi wake.

Nilifundisha historia Thika miaka mingi, na kwangu Uchina ilikuwa Mao. Kisha ikaja Sinohydro, iliyojenga kipande cha barabara kuu kutoka chuo hicho hadi Thika. Vumbi lake tulilila mpaka 2012. Confucius sikumtarajia.

Maana mzee huyu alikuwa ametupwa. Novemba 1966 vijana wa Walinzi Wekundu wa Mao walifika Qufu, mkoani Shandong, alikozaliwa Confucius, wakavunja mawe ya kumbukumbu na kufukua makaburi ya ukoo wake. Mwaka 1974 nchi nzima ilihimizwa kumlaani. Lakini miaka kumi tu baadaye ulianzishwa wakfu wa kumtukuza, na Desemba 2005 jina lake likabandikwa kwenye taasisi iliyofunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza ya aina hiyo Afrika. Januari 2011, matingatinga yakichimba hapa Ruiru, sanamu yake ya mita 9.5 ilisimamishwa kando ya Uwanja wa Tiananmen, Beijing. Aprili ikaondolewa usiku.

Kwa nini arudishwe? Naamini ni kwa sababu vijana walihamia mijini na wazee wakabaki peke yao vijijini. Tangu Julai 2013 sheria ya Uchina inawataka watoto wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, nayo inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali. Zamani nani angeliandika jambo hilo?

Lakini kuna mafundisho yake nisiyoyataka yarudi. Korea Kusini, sheria iliyotetewa kwa jina lake iliwaweka wanawake chini ya mwanamume mkuu wa nyumba. Mahakama ya Katiba iliipinga 2005, na wazee wa Kikonfusio wakalalamika sana. Mimi niliposoma habari hiyo nilifurahi. Confucius mwenyewe alimruhusu mtoto kumwonya mzazi kwa upole, ila hilo wanaomhubiri leo hawalitaji mara nyingi.

Binti yangu ana jina la mama mkwe, kama desturi yetu Wakikuyu inavyotaka kwa binti wa kwanza, na mume wangu humwita "maitu", mama yangu. Jumapili tulipanda matatu hadi Thika, tukaunganisha kwenda Gatanga kwa mama mkwe. Binti akamchorea cucu, nyanya yake, herufi ileile mchangani. Cucu aliitazama, akaigusa kwa fimbo pale chini.

"Na huyu mtoto," akauliza, "yeye amebebwa na nani?"