Stereo 70: Mkongwe Asiyestaafu

Mwaka 1959 kampuni ya Dynaco ya Philadelphia, Marekani, ilitoa Stereo 70, amplifaya ya valvu. Wengi waliinunua ikiwa vipande, wakailehemu wenyewe nyumbani, waya kwa waya.

Leo isiwashwe ovyo. Kapasita zake huchakaa, na ndani mna umeme wa volti zaidi ya 400, unaoweza kuua. Fundi makini hubadilisha kapasita na valvu zilizochoka. Transfoma za awali, zikiwa nzima, huziacha, maana ndizo roho ya mashine.

Je, inafua dafu mbele ya amplifaya za kisasa?

Kwa nguvu, hapana: wati 35 kila upande ni chache, na kwenye vipimo amplifaya za transista huishinda. Lakini ikipewa spika zisizodai nguvu nyingi, sauti ya mwimbaji hutoka laini, imeshiba. Hapo haina cha kuonea haya.