Mafunzo ya ufundi vyuoni: Karakana ndiyo darasa

Wahenga walinena kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Anayekaa karibu na kazi, hata kama bado hajaimudu, hushika angalau sehemu yake. Mafunzo ya ufundi yamejengwa juu ya kanuni hiyo: ujuzi wa mkono haupatikani kwa kunakili maandishi ubaoni, bali kwa kushika chombo na kukitumia hadi ukizoee.

Hata hivyo, hapa Kenya mafunzo haya yamebeba mzigo wa dharau kwa zaidi ya karne moja. Chanzo cha dharau hiyo kimo katika historia yenyewe.

Chimbuko

Mnamo 1909, Profesa J. Nelson Fraser aliishauri serikali ya kikoloni kuwa elimu ya Mwafrika ielemee kazi za mikono. Shule za misheni zikahimizwa kufunza useremala, uashi na uhunzi. Mwaka 1924 serikali ilianzisha chuo cha ufundi huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa ajili ya Waafrika. Chuo hicho ndicho leo Kabete National Polytechnic.

Ushauri huo haukuwa na ubaya kwa kuwa ulihusu ufundi. Ubaya wake ni kwamba ulitenga watu kwa rangi: wengine wasome vitabu na kutawala, wengine washike nyundo na kutumwa. Wazazi Waafrika walitambua upesi kwamba mshahara mnono ulikuwa wa karani, si wa seremala. Fikira hiyo haikuondoka na bendera ya mkoloni.

Pwani kulikuwa na mkondo wake. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, iliasisiwa miaka ya 1940 ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Mwaka 1972 ilipandishwa ikawa Mombasa Polytechnic. Nairobi nayo ilipata Kenya Polytechnic mwaka 1961.

Vyuo vilivyopanda daraja

Baada ya uhuru, Baraza la Makanisa lilitoa ripoti mwaka 1966 kuhusu hatima ya vijana waliomaliza shule ya msingi. Kutokana nayo kulizuka vyuo vya ufundi vya vijijini. Miaka ya 1970, wananchi walichanga fedha za Harambee kujenga taasisi za teknolojia katika maeneo mengi.

Kisha mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilipendekeza mfumo uliokuja kuwa 8-4-4. Mfumo huo ulianza 1985 ukiwa na masomo ya vitendo kama useremala, uashi na sayansi kimu. Shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na masomo hayo yakafundishwa kwa chaki. Hatimaye mengi yaliondolewa au kupunguzwa.

Wakati huo huo, vyuo vilivyokuwa na karakana bora vilianza kugeuzwa vyuo vikuu. Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic zilikuwa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 zikawa vyuo vikuu kamili vya kiufundi. Taasisi ya Harambee ya Kimathi, Nyeri, nayo ni chuo kikuu tangu 2012, na ile ya Murang'a tangu 2016.

Kwa mji husika, hilo lilikuwa jambo la fahari. Lakini chuo kikipanda, azma yake hugeuka na kuelekea shahada. Kijana aliyepata alama ya D, ambaye angejifunza uchomeleaji wa vyuma mahali pale, hubaki akitafuta mlango mwingine.

Ngazi za masomo

Sheria ya Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 iliunda mamlaka ya TVETA ya kusajili na kukagua vyuo. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoa ruzuku ya Sh30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi aliyepelekwa katika vyuo vya umma, na idadi ya wanafunzi ikapanda.

Katika utaratibu unaopima umahiri, ngazi ya 4 ni ya fundi wa kawaida, ya 5 ni ya fundi wa cheti cha juu, na ya 6 ni diploma. Mwanafunzi hupimwa kwa kuifanya kazi yenyewe mbele ya mkaguzi.

Kando ya hayo kuna mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA, yenye madaraja matatu. La tatu ndilo la chini na la kwanza ndilo la juu. Fundi wa jua kali ambaye hajawahi kuingia chuoni anaweza kuifanya na kupata cheti.

Ndani ya karakana

Somo la kwanza la ufundi wa vyuma huwachosha wengi. Mwanafunzi hupewa kipande cha chuma, akakibana kwenye jiliwa na kuambiwa akisugue kwa tupa hadi kiwe bapa. Mwalimu huweka rula juu yake na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula, kazi inarudiwa.

Zoezi hilo hufunza mkono kuhisi kosa dogo kabla ya kukabidhiwa mashine, kwa kuwa mashine hulikuza kosa na hata kujeruhi. Kwenye mashine ya kukereza, kwa mfano, ufunguo wa kukazia ukisahaulika mahali pake huruka kama risasi mashine inapowashwa. Ndiyo maana mwanafunzi huzoeshwa kutouachilia mkononi hadi auchomoe.

Kabla ya kulipa karo

Mzazi anayemtafutia mwanawe chuo na ahakikishe kwanza kuwa kimesajiliwa na TVETA, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Kisha aombe kuonyeshwa karakana siku ya masomo, si siku ya sherehe.

Ahesabu wanafunzi wangapi hutumia jiliwa moja au mashine moja ya kuchomelea. Aulize nani hununua vyuma, mbao na vijiti vya kuchomelea, kwani vifaa hivi huisha kila wiki na chuo kisichovitengea fedha hugeuka darasa la nadharia. Aulize pia iwapo walimu wamewahi kufanya kazi viwandani, na wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi ya kazi.

Mwisho, aitazame sakafu. Karakana inayofanya kazi huwa na vumbi la mbao na chembe za chuma. Ikiwa sakafu inang'aa na mashine zimefunikwa turubai, ajue karo yake itanunua cheti tu.