Milima Chumbani: Asili ya Uchoraji wa Mandhari katika Uchina

Neno mandhari limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili yake ni kutazama. Wachina nao huita picha za namna hiyo shanshui, yaani mlima na maji. Neno moja lamwelekea mtazamaji; la pili lavitaja vitu vyenyewe. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa katika kusoma taarikhi ya uchoraji wa Wachina, kwa maana wataalamu wao wa kale walitaka picha ya mlima ifanye kazi ya mlima wenyewe, nayo ni kuihuisha nafsi ya mwanadamu.

Miongoni mwa wa kwanza kuliandika jambo hilo ni Zong Bing, aliyezaliwa mwaka 375 na kufariki mwaka 443. Alikuwa mfuasi wa dini ya Buddha, na alipata kusoma kwa mtawa Huiyuan katika mlima Lu. Aliitwa apokee cheo serikalini, akakataa; alipenda zaidi kupanda milima na kupiga qin, ala ya nyuzi ya wasomi wa huko. Mkewe, aliyekuwa na mapenzi yayo hayo, alitangulia kufa, na msiba ukamlemea sana hata alipopata faraja katika mafundisho ya dini yake.

Uzee na maradhi vilipomfika, alirejea Jiangling. Hakuweza tena kupanda. Basi akaichora chumbani mwake milima aliyopata kuizuru, ili aisafiri hali amelala. Na alipopiga qin alitaka milima hiyo iitikie.

Katika risala yake fupi juu ya uchoraji wa mandhari mna hoja mbili. Ya kwanza ni ya macho: mlima mkubwa, ukitazamwa kwa mbali, waweza kuenea katika kipande kidogo cha hariri. Ya pili ni ya roho: sura ikichorwa kwa ustadi, ile roho iliyomo mlimani huingia pichani pia, na mwenye kutazama hukunjuka nafsi pasipo kuondoka alipo.

Zaidi ya karne 6 baadaye, Guo Xi, mchoraji wa mfalme Shenzong, aliipeleka hoja hiyo mbele. Mawazo yake, yaliyokusanywa na mwanawe Guo Si, yaeleza kwamba mtu mwema hutamani milima na chemchemi, lakini wajibu wake kwa mfalme na kwa wazazi humzuia. Picha humpa alichokikosa bila ya kuuvunja wajibu huo. Kwa hiyo alizisifu zaidi picha ambazo mtu angependa kuzunguka na kukaa ndani yake. Picha yake ya mwaka 1072, iitwayo Mwanzo wa Majira ya Kuchipua, imehifadhiwa Taipei: milima mirefu yaibuka ukunguni, na watu wadogo mno wanashughulika chini yake.

Picha za Zong Bing hazikubaki hata moja. Wala wawili hawa hawakusema jambo moja. Kwa Guo Xi, picha yaweza kuwa badala ya safari. Kwa Zong Bing ilikuwa marejeo ya safari iliyokwisha, kwani aliichora milima ambayo miguu yake iliijua. Picha haikumrudishia nguvu za kupanda, ila ilimrudishia kile alichokuwa akikifuata huko juu.