Acha Kwanza Atembee? Historia ya Mchezo kwa Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

  

Ukisimama nje jioni hapa Kerugoya, watoto wakiwa wametoka shule, utasikia kelele kila upande. Hawa wanacheza kati, wale bano, wasichana wanaruka blada, na wengine wamejificha kwenye migomba wakicheza brikicho. Sasa nikuulize: mtoto wako mwenye mtindio wa ubongo yuko wapi saa hiyo? Katika nyumba nyingi yuko ndani, amelazwa, anasikia kelele ile ile unayoisikia wewe. Na mama akiulizwa husema, "Acha kwanza atembee. Kucheza kutakuja."

Maneno hayo hukuyatunga wewe. Madaktari wenyewe walifikiri hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na leo nitakueleza jinsi walivyobadilika.

Kwanza tukumbushane. Mtindio wa ubongo ni madhara yanayoupata ubongo wa mtoto ungali unakua: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza. Pengine alikosa hewa, pengine manjano kali ya mtoto mchanga haikutibiwa, pengine ni homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Mara nyingine sababu haijulikani. Misuli hukaza, au hulegea, au hujichezea yenyewe. Si laana ya ukoo, wala mtoto wa jirani hawezi kuambukizwa.

Daktari aliyeeleza hali hii kwa kirefu alikuwa William John Little wa London. Alianza kuifundisha katika miaka ya 1840, na mwaka 1861 akawaeleza madaktari wenzake uhusiano wake na uzazi mgumu. Little mwenyewe aliugua polio utotoni na mguu wake ukapinda, kisha ukanyooshwa kwa upasuaji. Basi si ajabu kwamba aliwatazama watoto hawa kuanzia miguuni. Waliomfuata walifanya hivyo pia: kukata kano, kufunga vyuma, kunyoosha. Swali lilikuwa moja tu, atatembea?

Hapa kwetu swali hilo lilipata nguvu kwa sababu ya polio. Chama cha kuwasaidia walemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, na mapema katika miaka ya 1960 Jeshi la Wokovu likafungua shule ya Joytown kule Thika. Kazi kubwa na nzuri ilifanywa huko, magongo na vyuma vya miguu vikawainua watoto wengi. Lakini mtoto wa polio ubongo wake ni mzima na mikono yake mara nyingi ina nguvu. Ukimpa gongo, anawafuata wenzake uwanjani. Wa mtindio wa ubongo hawezi kusaidiwa hivyo kila mara, na wengi walibaki nyumbani. Serikali ilipoanza vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum mwaka 1984, ndipo wazazi wengi walipopata mahali pa kuuliza.

Na zamani, kabla ya hospitali? Tusidanganyane kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Watoto walifichwa, na wengine hawakuishi. Lakini jambo moja wazee wetu walilijua. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya Wakikuyu, alieleza kwamba watoto hujifunza maisha kwa kucheza, wakiiga kazi za wakubwa. Mchezo ulikuwa shule. Na usiku kando ya moto kulikuwa na mchezo usiohitaji miguu hata kidogo: "Gwata ndai!" Vitendawili. Nitavirudia baadaye.

Sasa twende mbali kidogo, kwenye kijiji cha Ajoya, milimani Mexico, kwa sababu hadithi yake inatuhusu. Mwaka 1981 wanakijiji wenye ulemavu walianzisha huko mradi wa kuwasaidia watoto walemavu. Hawakuwa na pesa. Walijenga kiwanja cha kuchezea kwa miti na magurudumu makuukuu: bembea, vidaraja, mihimili ya kushikilia. Watoto wazima wa kijiji waliombwa wasaidie kujenga, kwa makubaliano kwamba watacheza humo pamoja na walemavu. Aliyebeba mti alikuwa na haki ya bembea, na ndivyo walivyozoeana. David Werner aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1987, na michoro yake imesaidia vijiji vingi duniani. Mimi naona kwamba wazo la kuwashirikisha watoto wa majirani tangu mwanzo lina faida kuliko bembea yenyewe.

Miaka hiyo hiyo michezo ya mashindano nayo ilifunguka. Mwaka 1980, kule Arnhem, Uholanzi, wanariadha wenye mtindio wa ubongo walishiriki Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Mwaka 1984 ukaongezwa mchezo uitwao boccia. Mchezaji hukaa kitini na kurusha mipira ya ngozi ikaribie mpira mmoja mweupe. Asiyeweza kurusha huisukuma ishuke kwenye mfereji wa mbao, hata kwa kijiti kilichofungwa kichwani. Ukiutazama utasema, kumbe ni bano ya wakubwa!

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliweka kushiriki katika maisha kuwa sehemu ya kupima afya ya mtu. Kisha mwaka 2004 na 2005 watafiti wakawatembelea watoto 818 wenye mtindio wa ubongo katika nchi 7 za Ulaya. Waliona kwamba watoto wenye ulemavu wa kiwango kimoja walishiriki zaidi katika nchi moja kuliko nyingine. Wa Denmark walitangulia. Yaani si mwili peke yake unaomzuia mtoto. Mlango, njia na watu humzuia pia. Mlango wa nyumba yako, mama, hata kama njia yetu ina matope ya masika.

Sheria nayo imo. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2001 ilitaja mchezo kuwa haki ya mtoto, na mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaomtaja mtoto mlemavu na mchezo waziwazi.

Basi jioni ya leo mtoe nje. Asiyeweza kukaa, mkalishe kwenye karai au kona ya ukuta, umzibie pembeni kwa mito au vigunia vya maganda ya mpunga kutoka Mwea. Jaza soksi mchanga, uifunge vizuri, iwe mpira wake. Bano na mawe madogo asiachiwe peke yake, atameza. Karibu na maji asiachwe hata dakika moja. Kama ana kifafa, watoto wanaocheza naye waonyeshwe la kufanya: wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, wakuite. Akiumia akikaa, muulize mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini.

Usiku tegeni vitendawili. Asiyesema vizuri ajibu kwa mkono au kwa macho. Jibu likiwa ni moto naye akautazama moto, amepata, mhesabieni. Misuli yake huchelewa, kwa hiyo hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla mtu mwingine hajajibu. Ndugu zake watalalamika siku ya kwanza.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kumlisha mtoto anayepaliwa. Kwaherini.